Macho ya Mkiani: Mpiga Bunduki wa Lancaster

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tuko Uingereza, Vita Kuu ya Pili, ndani ya Lancaster, ndege ya mabomu yenye watu saba. Wawili ni wapiga bunduki: mmoja mgongoni mwa ndege, mwingine mkiani. Kaka Hamisi, huyu wa mkiani umemsoma sana.

HAMISI: Sana, dada Neema. Hebu fikiria kijana wa miaka 20, peke yake kwenye kibanda cha vioo kinachozunguka, wenzake wote amewapa mgongo. Ana rashasha nne za Browning. Usiku mzima yuko hapo, baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Hata parachuti lake halikutoshea. Lilining'inizwa nje ya kibanda. Na wengi walikitoa kabisa kioo cha mbele.

NEEMA: Na baridi yote hiyo?

HAMISI: Ndiyo! Doa la mafuta kwenye kioo, gizani, utaapa ni ndege ya adui. Bora ugande lakini uone. Walikuwa na suti zenye nyaya za umeme, ila zikikata moto huko juu, vidole vinaharibika.

NEEMA: Walifunzwaje?

HAMISI: Kwanza kuifungua bunduki na kuiunganisha wakiwa wamefungwa kitambaa machoni. Kisha angani: ndege moja inavuta tambara refu, wanafunzi wanalimiminia risasi. Ncha za risasi zilipakwa rangi, kila mmoja na yake, hivyo tundu linaacha alama ya rangi. Wakitua, matundu yanahesabiwa. Hapo hakuna kubebana.

NEEMA: Basi wakawa watunguaji hodari.

HAMISI: Hapo ndipo tunapowapunja. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuona. Risasi zao zilikuwa za milimita 7.7, Mjerumani ana mizinga ya milimita 20, anakufikia wewe humfikii. Ukifyatua ovyo umejianika. Wapo waliomaliza zamu nzima, safari 30, bila kufyatulia ndege hata moja. Akiona kivuli kinasogea, anaita kwenye simu ya ndani: "Zamia kushoto, sasa!" Rubani haulizi kwa nini, hata kama ni ofisa na anayemwamuru ni sajenti. Anaitupa ndege chini kushoto, anaizungusha kulia huku akipanda, anarudia. Roho saba zinategemea jozi hiyo ya macho.

NEEMA: Mpaka 1943 Wajerumani wakapata dawa yao.

HAMISI: Inaniuma, dada. Walifunga mizinga inayotazama juu, wakawa wanakuja kwa chini, ambako Lancaster nyingi hazikuwa na bunduki wala dirisha la mlinzi. Wanalenga matangi ya mafuta kwenye bawa. Bomber Command, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, kilipoteza wanaanga 55,573 katika vita ile, kati ya takriban 125,000.

NEEMA: Na macho ya mkiani hayafiki huko chini.

HAMISI: Hayafiki. Ndiyo maana marubani wengine walikuwa wakiilaza ndege upande huu, kisha upande ule, ili wapiga bunduki wapate kuchungulia chini ya tumbo lake.