Digrii ya Nje na Mlango wa Ualimu

Wakubwa wangu, shikamooni. Wanangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie swali moja: mtu aliyesomea digrii nje ya Tanzania, na sasa anataka kuwa mwalimu, anaweza kupokelewa kwenye Stashahada ya Uzamili katika Elimu? Anaweza. Ila wengi wanakwama, na mara nyingi hawakwamii pale wanapodhani.

Kuna binti alinijia na bahasha ya kaki. Alikuwa amesoma Kampala miaka mitatu, masomo ya maendeleo, na matokeo yake mazuri. Chuo alichoomba kikamkataa kwa barua ya mistari miwili, naye akaamini kosa lake ni kusoma Uganda. Tukaketi kwenye benchi, nikachukua penseli, tukapitia transkripti, ile karatasi ya kozi na matokeo ya chuo, mstari kwa mstari. Uchumi, kozi sita. Sosholojia, nne. Takwimu, mbili. Jiografia, ambayo ndiyo aliyotaka kufundisha, haikuwamo hata moja. Akaishika ile karatasi, akaipitia tena mwenyewe, kimya.

Hapo ndipo penye kizingiti. Stashahada ile inakufundisha namna ya kufundisha: saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, kisha mazoezi darasani. Somo lenyewe unatakiwa uje nalo kutoka kwenye digrii yako, na kwa sekondari kawaida huulizwa masomo mawili. Nikamwonyesha kwamba Uchumi, unaofundishwa kidato cha tano na cha sita, tayari alikuwa nao. Alichokosa ni somo la pili. Angekuwa amesoma kozi zilezile hapahapa Dar es Salaam, angekwama vilevile.

Wanaofikiria kuvuka kwenda kufundisha Kenya nao wajue: Tume ya Huduma za Walimu ya kule, TSC, haiishii kwenye digrii. Kwa aliyepitia KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, inarudi nyuma hadi matokeo yale, ikitaka C+ ya jumla na C+ katika masomo yako mawili ya kufundishia. Basi cheti cha sekondari usikiache sandukuni kwa bibi.

Tukirudi kwetu, digrii ya nje hutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kwa ajili ya ulinganifu. Anzeni huko kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Na majina yafanane kwenye vyeti vyote. Herufi moja tu ikitofautiana, utatakiwa ulete hati ya kiapo.

Wakenya waliosoma mfumo wa 8-4-4 huulizwa, "Kidato cha sita kiko wapi?" Wengine hunyong'onyea. Hebu tuhesabu pamoja. Kwao: minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu, kumi na sita. Kwetu, kwa njia tuliyoizoea: saba ya msingi, minne hadi kidato cha nne, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha mitatu ya chuo kikuu, kumi na sita. Mtoto wa Kisumu na mtoto wa Mwanza wamekaa darasani miaka ileile. Kilichotofautiana ni mahali ngazi ilipowekwa.

Jambo hili linaniuma, nasema wazi. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chini ya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mhitimu wa Kampala na wa Dar walikuwa na digrii ya chuo kimoja. Tarehe 20 Mei 2017, hapahapa Dar, wakuu wa nchi za Jumuiya wakaitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Jumuiya liko Kampala, linafanya kazi yake. Lakini kijana aliye dirishani na bahasha yake bado anaulizwa kana kwamba ametoka mwezini.

Uhakiki siupingi hata kidogo. Cheti cha kughushi kikiingia darasani, watoto arobaini ndio wanaolipa. Ninayoviomba vyuo ni mambo mawili. Mwombaji anayesubiri utambuzi apokelewe kwa masharti, asipoteze mwaka mzima. Na barua ya kumkataa mtu itaje sababu: ni chuo hakitambuliki, ni cheti kimepungua, au ni somo la kufundishia halipo? Yule binti alipoteza miezi minane akipambana na TCU, wakati shida yake ilikuwa somo la pili.

Sasa nachukua maswali. Tuanze na wewe dada hapo karibu na mlango. Njoo na hiyo transkripti yako tuiangalie.