Boti ya Alumini Haiozi, Ubao Wake Ndio Unaooza

Haya wadau, karibuni tena. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Hii hapa nyuma yangu ndiyo ile boti niliyowaahidi. Futi 14, alumini tupu, na nimeinunua pamoja na trela lake kwa hela ambayo huko nyumbani hupati hata mashine mbovu ya boti. Mtoto wa Pangani mimi, nimekulia pale mto unapoingia baharini, kivuko cha Bweni kinapita mbele ya macho yangu asubuhi na jioni, halafu boti yangu ya kwanza maishani nakuja kuipatia Minnesota, huku Marekani, kwenye baridi. Chekeni tu.

Sogea na kamera hapa, huku tezini, yaani nyuma ya boti, upande wa kulia. Mnaona hizi alama zilizogongwa kwenye bati? Herufi na tarakimu, jumla 12. Kila boti iliyotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 inatakiwa iwe nazo, na kwa boti za umri wa hii, mbili za mwisho ndizo mwaka wa toleo: 87. Muuzaji aliniambia ni ya miaka ya tisini. Nikamwonyesha namba, akakohoa kidogo, bei ikashuka.

Huku boti za namna hii zimejaa kwenye nyua za watu. Lund, kwa mfano, wanaziunda hapahapa Minnesota, kwenye mji mdogo unaoitwa New York Mills, tangu 1948. Hii yangu jina la kampuni nimelifunika na utepe wa karatasi wenye gundi, maana nitakayosema leo si matangazo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watu waliokuwa wakiunda ndege za kivita walibaki na alumini na ujuzi wa kuifanyia kazi. Grumman, waliokuwa wakiunda ndege za jeshi la majini, wakaanza kuunda na mitumbwi ya alumini. Ndiyo maana ubavu wa boti hii una safu za ribiti, vile vipini vifupi vinavyogongwa kushikanisha mabati, namna ileile ya bawa la ndege.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tangu niposti picha mnaniuliza, "Alumini haiozi, unakarabati nini?" Bati haliozi, ni kweli. Lakini hapa tezini, pale mashine inapofungwa, bati ni jembamba, peke yake haliwezi kubeba mashine. Kwa hiyo kiwandani waliweka plaiwudi nene kwa ndani, wakaifunika, hata huioni. Maji yanaingia kwenye matundu ya bolti, hayana pa kutokea, na kwa zaidi ya miaka 30 yamekuwa yakiutafuna huo ubao polepole.

Sikilizeni. Nagonga na mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko. Hapa pembeni bado mzima. Sasa katikati, chini ya mashine. Pu. Umesikia? Pu. Hapo hakuna ubao tena, kuna uji.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua boti ya namna hii, popote ulipo, usianze kuangalia rangi wala viti. Nenda nyuma, shika mguu wa mashine, utikise juu na chini. Ukiona bati la nyuma linapumua, ujue kilichomo ndani kimekwisha. Punguza bei au ondoka.

Bolti zilikuwa zimeshika kutu mpaka nikazikata na grenda. Ubao wenyewe sikuutoa kama ubao, niliuchota kwa mikono, mweusi, umelowa chapachapa, na sisimizi wameshajenga mji humo. Usiutupe lakini! Vipande vyote nimevipanga kwenye boksi lililofunguliwa, nikachora mzunguko wake kwa penseli. Hilo boksi ndilo kipimo cha ubao mpya.

Na hapa kwenye kuchagua ubao nisikilizeni vizuri. Dukani ukisema unataka mbao za mahali penye maji, watakuletea zile zilizotiwa dawa, za kijanikijani. Kataa. Huku Marekani, mbao za matumizi ya majumbani ziliacha dawa yenye arseniki mwishoni mwa 2003, na dawa iliyoshika nafasi yake ina shaba nyingi. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utakuwa umebadilisha ubao ili uje kutoboa bati! Mimi nimechukua plaiwudi ya kuundia boti, isiyo na dawa, nikaipaka epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, tabaka juu ya tabaka. Kwenye kingo nimepaka zaidi, maana plaiwudi hunywa maji kwa kingo. Matundu ya bolti nayo usitoboe ukafunga tu. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, iache ikauke mpaka iwe jiwe, kisha toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hapo bolti inagusa epoksi, haigusi mbao. Na bolti ziwe za stenlesi. Wazee wa chelezo mnaopaka mashua mafuta ya sifa na deheni ili mbao zisinywe maji mtanielewa bila kuelezwa mara mbili.

Epoksi kwenye baridi inachelewa kushika, kwa hiyo gereji nzima imewekwa hita, na bili ya umeme shemeji yenu ameshaanza kuiulizia.

Uvujaji sasa. Watu hudhani unaitia majini uone maji yanaingilia wapi. Hapana, unayatia maji ndani yake, ikiwa juu ya trela, halafu unalala chini na chaki. Penye tone, unazungushia duara. Usijaze sana, lita moja ni kilo moja, na hata maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu ni mamia ya kilo. Hii ilitona kwenye mstari wa mkuku, ule uti wa chini wa boti, karibu wote. Ribiti iliyolegea utaijua hata bila maji, ina alama nyeusi kuizunguka, kwa sababu inacheza na kujisaga.

Dawa yake ni watu wawili. Mimi nje na nyundo ya upepo, shemeji yenu ndani, amekandamiza kipande kizito cha chuma kwenye mkia wa ribiti. Napiga kidogo, mkia unabonyea, ribiti inajaa tundu. Kidogo tu, ukizidisha alumini inakuwa ngumu na kupasuka. Yeye hanioni, mimi simwoni, tunapigiana kelele, "Tayari?" "Bado!" Ndoa imepimwa.

Najua kuna fundi anasema, "Si uchomelee tu?" Bati la boti ya ribiti ni jembamba, moto unalipinda na kulilegeza nguvu, na ribiti za jirani nazo zinalegea. Acha.

Sponji ya chini ya viti nimeitoa yote, ilishakunywa maji ikawa mzigo badala ya boya. Nimeweka mpya isiyofyonza. Hiyo ndiyo inayoishika boti isizame ikijaa maji, usiseme utaiweka baadaye. Rangi nitawaonyesha siku nyingine.

Na hii hapa nguruzi yake, kizibo cha tundu la kutolea maji. Cha shaba cha zamani nimekitupa, hiki ni cha mpira. Minnesota ukitoka ziwani ni lazima uichomoe, na uendeshe barabarani ikiwa imechomolewa, ukiiacha unapigwa faini. Ni kwa ajili ya kome wadogo wenye milia, asili yao upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi, walionekana kwenye Maziwa Makuu ya Marekani mwaka 1988. Watoto wao huwaoni kwa macho, wanasafiri kwenye maji yaliyobaki ndani ya boti. Watu wa Mwanza na Kisumu mlioona gugumaji lilivyoingia hamtacheka sheria hii.

Mjomba, najua unaangalia, na najua unachotaka kuuliza. Siileti Pangani. Maji ya chumvi yangeidai vipande vya zinki vya kuliwa badala ya bati kila mara, na ile rangi ya shaba mnayopaka chini ingeila. Halafu mashua yako msumari ukilegea, unamwita fundi yuleyule aliyeiunda, anakuja kwa miguu. Hii ribiti ikilegea utamwita nani? Mashine ya nguvu za farasi 15 nitakutafutia, nitumie kwanza kipimo cha tezi ya mashua yako, urefu kutoka juu mpaka mkukuni.