Spika za zamani mezani: tazama ukingo kabla ya jina

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia spika ndogo za zamani, zile za rafuni, tukizipanga kwenye meza ya kompyuta. Kaka Baraka, mtu kasimama mbele ya jozi ya mtumba. Aanzie wapi?

BARAKA: Avue kava ya mbele atazame ukingo, yaani ule mviringo laini unaoishika koni ya wufa, kile kipaza cha besi, kwenye fremu yake. Jina la chapa lisubiri. Ukingo ukiwa wa sponji na spika ni ya miaka ya 1970 au 1980, hesabu kwamba umeoza, isipokuwa kama umeshabadilishwa. Sponji ile ni poliurethani, na unyevu wa hewa huila polepole hata spika ikikaa stoo bila kupigwa. Kwa Tanga, Mombasa au Unguja, joto na unyevu vinaharakisha. Iguse kwa ncha ya kidole: ikinata au ikimeguka, imekwisha.

ZUHURA: Wapo wanaoipaka mafuta ya mgando ili ilainike.

BARAKA: Hayasaidii kitu. Sponji imevunjika ndani kwa ndani, na mafuta yatafanya gundi isishike siku ya kuweka ukingo mpya. Tafuta ukingo wa raba au wa kitambaa, hizo hudumu.

ZUHURA: Baada ya hapo mimi natazama sanduku. Meza nyingi zimesukumwa hadi ukutani. Spika yenye tundu la hewa nyuma, ukiiacha sentimita 5 kutoka ukutani, besi inavimba na kufunika sauti za watu. Sanduku lililozibwa kabisa lina besi inayoshuka taratibu, na ukuta unalirudishia kiasi kinachopungua. Kwa meza ndogo nalichagua hilo.

BARAKA: Na zilizozibwa zina kipimo chake rahisi. Sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole viwili au vitatu vilivyopangwa sawasawa, kisha achia. Ikirudi polepole, sanduku halivuji. Ikiruka mara moja, hewa inapita mahali, mara nyingi kwenye gasketi iliyokauka. Wakati huohuo tega sikio: ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imepinda au imeungua, na hapo unaiacha.

ZUHURA: Mfano wa sanduku dogo lililozibwa ni LS3/5A. BBC waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo nafasi ni finyu na fundi mitambo anakaa karibu na spika. Urefu wake ni kama sentimita 30, upana 19. Ndani kuna wufa B110 na twita T27, yaani kipaza cha sauti nyembamba, zote za kampuni ya KEF. Kampuni kadhaa ziliitengeneza kwa leseni, zikiwemo Rogers, Spendor na Harbeth. Kwa sauti ya binadamu, kwa umbali wa meza, naipenda kuliko zote.

BARAKA: Ila bei yake, dada, imepanda mno, na twita ikiungua hiyo T27 ni kazi kuipata. Halafu walioibuni waliinua kidogo eneo la juu la besi kwa makusudi, ili sanduku dogo lisisikike jembamba. Ukiiweka juu ya ubao wa meza, nao ubao unaongeza kwenye eneo hilohilo. Sauti ya mwanamume inakuwa kama anaongea ndani ya pipa.

ZUHURA: Ndiyo maana haikai juu ya meza moja kwa moja. Inainuliwa.

BARAKA: Hapo sawa. Kwa bajeti ndogo, kuna Minimus 7 ya Realistic, chapa ya maduka ya RadioShack ya Marekani. Iliuzwa sana, yenye mwili wa alumini, urefu sentimita 18 tu. Besi haina nyingi, lakini kwa mtu aliye na sabufa pembeni inatosha. AR-4x ya mwaka 1965 ni spika nzuri mno, ila sentimita 48 za urefu zinakula meza yote, na kile kirekebisha twita cha nyuma hushika kutu hadi twita inanyamaza. Yamaha NS-10M, ile ya koni nyeupe, nayo imezibwa, ila ni ndefu sentimita 38 na sauti yake ya kati ni kali. Inafaa kukagua kazi ya studio. Kusikiliza saa nane mfululizo, hapana.

ZUHURA: Dukani mtu abebe nini?

BARAKA: Maltimita na betri moja ya volti 1.5. Spika ya ohmu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7. Isiposoma kitu, koili ya wufa au waya wa ndani umekatika. Soma zote mbili, zikaribiane. Kisha gusisha betri kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: wufa zote mbili zitokeze mbele. Moja ikiingia ndani, kuna aliyegeuza waya, na besi itapotea utakapozipiga pamoja. Twita haionekani kwa mita, kwa sababu kapasita, kile kifaa kinachozuia besi isiifikie twita, inazuia pia umeme wa mita, kwa hiyo piga muziki kwa sauti ndogo, tega sikio karibu nayo, linganisha kushoto na kulia.

ZUHURA: Twita ikiwa imefifia upande mmoja?

BARAKA: Mara nyingi ni kapasita iliyokauka. Badilisha pande zote mbili pamoja, thamani ileile. Iwe ya aina isiyo na chanya na hasi, maana ya kawaida ya redio itaharibika. Ukiweka ya filamu, twita inaweza kuchangamka kupita kiasi, basi unganisha nayo rezista, kipunguza umeme, ya nusu ohmu mfululizo.

ZUHURA: Na ukingo mpya?

BARAKA: Pima kipenyo cha koni na cha fremu kwa milimita kabla ya kuagiza. Gundi kuukuu iondoe kwa spiriti. Asetoni iache, inayeyusha baadhi ya koni za plastiki. Bandika kwenye koni kwanza, usubiri ikauke, ndipo fremu. Watu wengi wanaharibu hapa: koili isipokuwa katikati, inakwaruza milele. Cheza toni ya hezi 30 kwa sauti ndogo gundi ikiwa mbichi, sogeza koni hadi mkwaruzo upotee, kisha acha siku nzima.

ZUHURA: Nami nimalizie na meza. Mtu aliyekaa, sikio lake liko kama sentimita 45 juu ya meza. Inua spika sentimita 15 hadi 20 au uielekeze juu, twita itazame sikio. Zivute mbele, mbali na ukuta, sentimita 70 kutoka kichwani.

BARAKA: Umbali huo unaokoa wati. LS3/5A inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 82 na kitu kwa wati 1 kwa mita 1, ni kidogo, lakini ukiikaribia unapata desibeli 3 zaidi. Amplifaya ya wati 30 inatosha kabisa.

ZUHURA: Yule aliyepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani?

BARAKA: Asome nyuma yake kwanza. Nyingi ni za volti 100. Kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma ya kushusha, inaweza kuungua papo hapo, na ikiungua inaweza kupitisha umeme wa DC, kama ule wa betri, kwenye wufa, jozi nzima ikaondoka nayo.