Mhadhara: Maua ya Kitulo na Viazi Vilivyo Chini Yake

Ndugu zangu, uwanda wa Kitulo, ulioko nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mnaufahamu, kwa hiyo sitaeleza kirefu kwa nini wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Nitarudia lile ambalo baadhi yenu mmekwisha kulisikia kwangu: mgeni anayeongozwa kutazama maua aelezwe pia kilichomo udongoni, kwa sababu balaa la okidi za Kitulo, mimea ya maua inayoota humo porini, si kuchumwa maua, ni kuchimbwa viazi vyake vya mizizini.

Mwongozaji asimame, awaombe wageni wapige magoti na kulitazama ua kwa nyuma. Likiwa na vimkia viwili, hiyo ni okidi ya kundi la Satyrium. Likiwa na kimoja, kilichochomoza kwenye kipande cha juu cha ua, yaelekea ni ya kundi la Disa. Hapo hapo aeleze kwamba okidi hizi kwa kawaida huwa na viazi viwili: kikuukuu, kinachosinyaa kwa kulilisha shina la mwaka huu, na kichanga kilichojaa, ambacho ni uhai wa msimu ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kilichojaa, nacho huvushwa hadi Zambia, kikasagwa na kupikwa pamoja na karanga na magadi kuwa chikanda, chakula kigumu kinachokatwa vipande kama mkate. Tena mmea huutambua kwa ua lile lile ambalo mgeni hulipiga picha, kwa hiyo huung'oa kabla mbegu hazijakomaa.

Kila mara huulizwa kwa nini okidi zisilimwe kama viazi mviringo vinavyolimwa Makete. Jamani, mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini huota tu inapokutana na kuvu ya udongoni ya kuilisha, kisha hupita miaka kabla mmea haujachanua. Simlaumu mkulima maskini anayeletewa fedha mlangoni. Namlaumu mwongozaji anayekimbiza wageni kutoka ua hadi ua, akitaja majina ya Kilatini, huku akilipita kimya shimo lililochimbwa kando ya njia, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea hiyo hiyo.

Nilikusudia kuzungumzia pia Kniphofia na jerani, maua mengine ya Kitulo, lakini muda umekwisha. Njooni kati ya Desemba na Aprili, mvua zinaponyesha, wala msitoke njiani. Mkiona udongo uliofukuliwa, mwonesheni mwongozaji mahali penyewe ili awaarifu askari wa hifadhi siku hiyo hiyo.