Unakaa kwa nani?

Habari zenu ndugu zangu wa Dar. Leo tuache stori za kubeba boksi. Nina filamu iliyopita kimyakimya tangu 2014, inaitwa Time Out of Mind, ya mwongozaji Oren Moverman. Richard Gere, yule mliyezoea kumwona na suti, humu ni George, mzee asiye na pa kulala, New York.

Kamera waliziweka mbali, Gere wakamwacha barabarani na nguo chakavu, anaomba. Watu wanapita tu. Sura ile yote inavyojulikana! Mtalii mmoja wa Ufaransa akampa piza aliyobakiza, akidhani ni fukara kweli.

Lakini kilichonikaa moyoni ni pale ofisini. Jiji lile lina wajibu wa kisheria, tangu makubaliano ya mahakamani ya 1981, kumpa kitanda mwanaume asiye na makazi. George anakipata kwenye makazi ya Bellevue, na humo anampata mwenzake Dixon, mwigizaji Ben Vereen huyo, anayeongea bila kupumua. Kitanda kipo. Kitambulisho je? Hana. Cheti cha kuzaliwa? Hana. Mtu mzima, yuko kwao, anashindwa kuonyesha kwamba yeye ni yeye. Niliisimamisha filamu pale nikakaa kwanza.

Nilikumbuka Mbagala. Nilipofuatilia kitambulisho cha taifa, cha NIDA, serikali ya mtaa waliniuliza: unakaa kwa nani? Nikamtaja mama mdogo, barua ikaandikwa, muhuri ukagongwa. Sasa yule kijana anayetandika boksi kwenye baraza la duka Kariakoo wenyewe wakishafunga, yeye amtaje nani?

Na mimi mwaka wa kwanza huku ughaibuni nililala sebuleni kwa Mtanzania mwenzangu miezi minne. Jina langu halikuwa kwenye mkataba wa nyumba yoyote. Nikiulizwa anwani, moyo unadunda. Ila nilikuwa na mtu wa kumpigia simu usiku, akapokea. George ana binti, Maggie, anauza baa mjini humohumo, na hataki kumwona. Hapo ndipo nililia, sioni aibu kuwaambia.

Inakwenda taratibu, karibu saa mbili, wekeni simu pembeni. Na kama unamjua mtu wa hapo Dar aliyepata NIDA akiwa hana pa kukaa, niandikie hapo chini: nani alikubali kumwandikia barua?