Uzeeni Kuruman: kazi za kila siku za Robert na Mary Moffat

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji wastaafu, mama wachungaji, wazee wa kanisa, asanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie maisha ya mume na mke wazee waliotumwa kuhudumu mbali na kwao. Nimewachagua Robert na Mary Moffat wa Kuruman, kaskazini mwa Afrika Kusini ya leo. Mkwe wao mnamjua tangu darasani: David Livingstone, aliyekaa Ujiji, na ambaye mwili wake ulifikishwa Bagamoyo ukavushwa kwenda Zanzibar. Wazazi wa mke wake, waliokaa Kuruman karibu miaka 50, hatuwataji. Nadhani sababu ni kwamba safari husimulika upesi, lakini mtu aliyeamka kila siku mahali palepale akafanya kazi ileile, utamsimulia vipi? Leo nitajaribu.

Wote wawili walizaliwa mwaka 1795, Robert Uskoti na Mary Uingereza. Robert alikuwa mtunza bustani, na alimfahamu Mary kwa sababu aliajiriwa na baba yake, mwenye bustani ya miche. Walifunga ndoa Cape Town mwezi Desemba 1819. Mwaka 1824 walianza kuhamishia kituo bondeni Kuruman, jirani na chemchemi kubwa iitwayo Jicho la Kuruman, ambayo hutoa takriban lita milioni 20 za maji kwa siku. Pale walipokuwa mwanzo, maji yalikuwa chanzo cha ugomvi. Mfereji wa misioni ulipita kando ya mashamba ya akina mama wa Kitlhaping, mojawapo ya makabila ya Watswana, nao kiangazi kilipobana waliukata ili mazao yao yapate kunywa, bustani ya misioni ikakauka. Siwezi kuwalaumu akina mama wale. Nchi ilikuwa yao, na watoto wao walikula kutoka katika mashamba yale.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Katika barua moja kwa jamaa zake, Mary aliandika kuhusu sakafu. Alieleza kwamba wanasiriba vyumba vyote kwa mavi ya ng'ombe angalau mara moja kwa juma. Mwanzoni jambo lile lilimkera. Baada ya muda hakuwa na subira ya kungoja Jumamosi ifike, kwa sababu hakuna kilichotuliza vumbi vizuri kama hicho, viroboto walikufa, na sakafu ilibaki na rangi safi ya kijani. Naona baadhi ya mama zetu hapa wanatabasamu, maana mmesiriba wenyewe mkiwa wasichana. Binti wa Kiingereza aliyekulia kwenye nyumba yenye nafasi alijifunza hayo kwa kuwatazama wanawake wenyeji, na aliwaandikia watu wa kwao bila kuona haya. Mtu akiniuliza ni lini Mary Moffat alianza kuwa mwenyeji wa Kuruman, nitamwonyesha barua hiyo.

Kwa miaka mingi hawakubatiza mtu. Rafiki wa Mary aliyekuwa Sheffield, Uingereza, alimwandikia kumuuliza amtumie zawadi gani. Mary akaomba vyombo vya Chakula cha Bwana, wakati hapakuwa na mwongofu hata mmoja wa kushiriki. Watu wa kwanza walibatizwa mwaka 1829, na vile vyombo vikafika kabla tu ya ibada ile ya kwanza ya Meza ya Bwana.

Nije kwenye uzee wao, maana ndiyo sehemu iliyonivuta zaidi.

Mwaka 1857, Robert akiwa na umri wa miaka 61, Biblia nzima katika Kitswana ilikamilika kuchapwa palepale Kuruman. Injili ya Luka alikuwa ameipiga chapa Cape Town mwaka 1830, akarudi na mtambo wa kuchapia juu ya gari la maksai. Kazi ile ya miaka karibu 30 ilimdhoofisha: kichwa kilimvuma, usingizi ukampotea. Mtu wa umri huo, baada ya mzigo kama huo, angestahili kupumzika. Yeye mwaka uleule alifunga safari ya kwenda kwa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele na rafiki yake tangu 1829, kuomba ruhusa ya kufungua misioni huko. Mwaka 1859 akaenda tena na mwanawe John na wenzake, wakaanzisha kituo cha Inyati katika Zimbabwe ya leo. Robert alikaa nao miezi kadhaa akifanya kazi za mikono: kupasua mbao, kufua vyuma, kutengeneza magari, kujenga nyumba za vijana.

Na Mary? Mary alibaki Kuruman. Kituo kile kilikuwa kwenye njia ya kwenda kaskazini, kwa hiyo mmisionari, mfanyabiashara na mwindaji, wote walifikia hapo. Mgeni alihitaji kitanda, unga, mboga, maksai wapya, mahali pa kutengenezea gurudumu. Sabuni na mishumaa ilitengenezwa nyumbani, nguo zilishonwa nyumbani. Mwanamke wa miaka 64, mume yuko zaidi ya kilomita elfu moja mbali, barua hazina siku maalumu ya kufika, na mlangoni wapo watu wanaosubiri kula. Taarifa za misioni huandika safari ya Robert. Kwangu mimi, bila meza ya Mary hapangekuwa na Inyati.

Kulikuwa na uchungu pia, nao hatupaswi kuuruka tunapowasifu watumishi. Walizaa watoto kumi, saba wakafikia utu uzima. Mwaka 1847 Mary aliwapeleka wadogo watatu hadi Cape, mwendo wa majuma mengi kwa gari la maksai, akawapakia melini waende shule Uingereza, kisha akarudi peke yake. Mwaka 1862, binti yao Mary, mke wa Livingstone, alifariki mwezi Aprili huko Shupanga kwenye mto Zambezi. Mwezi Agosti mwaka huohuo akafariki mwana wao Robert. Mwaka 1866 mkwe wao mwingine, mmisionari Mfaransa Jean Fredoux, aliuawa na mlipuko wa baruti katika gari la mfanyabiashara, na binti yao Ann akabaki mjane mwenye watoto wadogo. Wakati huo Robert na Mary walikuwa na zaidi ya miaka 70. Wengi wenu mmelea wajukuu baada ya msiba, mnajua mikono ya bibi inavyotafutwa saa hizo. John alikuwa amerudi kutoka Inyati mwaka 1865 kumsaidia baba yake, na nashukuru kwamba walau mtoto mmoja alikuwa karibu.

Hapa kuna uzi unaotufikia sisi moja kwa moja. Binti yao Elizabeth aliolewa mwaka 1861 na Roger Price, aliyenusurika katika msafara wa kimisioni wa Linyanti, mbali kaskazini mwa Kuruman, ambako mke wake wa kwanza na wenzake kadhaa walikufa. Ni Price huyuhuyu aliyekuja pwani yetu mwaka 1876, akajaribu njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa akiwa na maksai, kwa imani kwamba magari ya kusini yangeweza kufika Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata mbung'o waliwamaliza maksai. Lakini Chama cha Misioni cha London, kilichomtuma Price na akina Moffat, kilifika Ujiji mwaka 1878, kisha Urambo, ambako baadaye Wamoravian waliipokea kazi. Ndugu zetu wa Urambo, historia ya kanisa lenu inagusa nyumba ile ya Kuruman.

Mwezi Machi 1870 Robert alihubiri kwa mara ya mwisho, na siku chache baadaye wakapanda gari kurudi Uingereza. Watu walilia njiani. Mimi hujiuliza kama uamuzi ule ulikuwa wa huruma kwa Mary. Nchi aliyorudia aliiacha akiwa msichana. Kaburi la binti yake lilikuwa Afrika, na baadhi ya watoto na wajukuu alikuwa anawaacha Afrika. Alifariki London mwezi Januari 1871, hata mwaka haujatimia tangu aondoke Kuruman. Robert alisema kwamba kwa miaka 53 alikuwa na mtu wa kumwombea.

Aliishi miaka 12 mingine, akizunguka makanisani kueleza habari za Watswana, na alifariki mwezi Agosti 1883. Kwa hiyo alikuwa hai Price alipokanyaga Saadani, na alikuwa hai wenzake Price walipofika Ujiji, mji ambao mkwe wake Livingstone aliufikia akiwa mgonjwa na amechoka. Nyumba ya mawe ya Kuruman na kanisa lililofunguliwa mwaka 1838 bado vimesimama, na anayepata nafasi ya kwenda kusini aende akavione.

Asanteni sana. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na mama wachungaji.