Moyo wa panya na vijana wanaoanguka uwanjani

Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za jioni. Asanteni kuja Mtwara mjini msimu huu wa korosho.

Kijana anacheza mpira, hana hata mafua, anaanguka na hainuki tena. Msibani watu wananong'ona: karogwa. Nimekaa kwenye misiba ya namna hiyo, na kila mara nilitamani mtu aulize: baba yake je, au mjomba, alifariki vipi?

Upo ugonjwa wa kurithi unaonenepesha ukuta wa moyo, nao unaweza kumwangusha kijana ghafla namna hiyo. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500. Mzazi akiwa na jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi, yenye kosa, kwa kawaida kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Mwaka 1990 watafiti Christine na Jonathan Seidman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzao, walikuta kosa kwenye jeni ya mayosini, protini inayokaza misuli ya moyo. Lakini ndugu wa damu wanachangia mengi, hata chungu na kisima. Utajuaje kuwa ni jeni hiyo?

Wakamwendea panya. Si buku wa shambani. Huyu ni mdogo, moyo wake kama punje ya kunde. Mwaka 1996 walitangaza kuwa wameliingiza kosa lile lile kwenye mayosini yake. Waliolirithi kwa baba na kwa mama walikufa siku 7 baada ya kuzaliwa. Wa upande mmoja waliishi, lakini nyuzi za misuli, ambazo hulala pamoja kama chelewa za ufagio, zilipishana hovyo kama ufagio uliokatika kamba, na makovu yakaongezeka kadiri walivyozeeka.

Panya si mtu, moyo wake hupiga mara 500 na zaidi kwa dakika. Hata hivyo mwaka 2016 dawa ya mavacamten ilizuia unene wa ukuta wa moyo kwa panya, na 2022 Marekani ikaiidhinisha kwa baadhi ya wagonjwa.

Kwangu mimi kubwa ni hili: mioyo ya wale panya ilianza kufanya kazi vibaya kabla misuli haijaonekana kuharibika kwenye hadubini. Kwa hiyo mdogo wa yule kijana aliyefariki akipimwa eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, leo, hata kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaambiwa mzima, huenda ugonjwa haujaonekana bado: tunzeni majibu yale. Mwulizeni daktari huyo mdogo arudi kupimwa lini, na akirudi aende nayo.